Mkuu, usipande hilo basi na sato wako

Eti unanunua sato mwaloni Kirumba, Mwanza, unawapanga kwenye barafu, kesho yake unawapasua maabara Morogoro, halafu unatuuliza rangi gani nzuri kwa slaidi za utumbo, vile vipande vyembamba vya kuchungulia kwenye hadubini. Rangi ya nini? Utapaka uji.

Nimeshapita huko. Sato 18, usiku kucha nabadilisha barafu kama nauguza mgonjwa. Fundi mmoja wa maabara alinihakikishia: "Barafu inatosha, samaki si anakaa siku kadhaa?" Anakaa, ndiyo, kwa ajili ya sufuria! Aliniambia hivyo huku anakunywa chai, wala hakuuliza nataka sehemu gani ya samaki. Minofu inavumilia. Utumbo umejaa vimeng'enya na bakteria. Damu ikisimama tu, unaanza kujila wenyewe. Barafu inaupunguzia kasi, haiuzuii. Na kinachoanza kuondoka ni epithelia, tabaka jembamba la ndani lenye seli za kufyonza chakula na seli za ute. Yaani kile kile unachokifuata.

Mimi sikujua. Nikaweka fomalini (dawa ya kuzuia nyama isioze), alkoholi, nta, nikakata vipande vya unene wa mikroni 5, yaani sehemu 5 kati ya 1,000 za milimita, nikapaka rangi za hematoksilini na eosini. Wiki tatu zimekwenda. Kuchungulia kwenye hadubini: misuli ipo, ya mviringo ndani, ya urefu nje, safi kabisa. Mikunjo ya ndani imebaki uchi. Epithelia yote imebanduka, inaelea katikati ya utumbo kama maganda ya nyanya kwenye mchuzi. Na kwa ujasiri wa mjinga nikaandika kwamba mikunjo ya sato "haina epithelia kamili". Msimamizi akaniuliza kama huyo samaki hulishwa kwa dripu. Darasa zima likacheka. Siku hizi nacheka na mimi, nifanyeje.

Na atakayekushauri friza mkimbie. Fuwele za barafu zinapasua seli.

Shika hili moja: fomalini imfuate samaki, siyo samaki aifuate fomalini. Beba fomalini ya asilimia 10 yenye bafa (chumvi za kuizuia isiwe na asidi) mpaka ziwani. Samaki awe hai, mlaze usingizi kwa mafuta ya karafuu, muue, pasua, na ndani ya dakika chache utumbo uwe umezama. Usiuzamishe mzima: wa sato ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, umejikunja kama kamba ya kisima, na fomalini hupenya polepole sana. Kata vipande vifupi, pitisha fomalini kwa sindano ndani ya kila kimoja, na fomalini ya kuzamishia iwe angalau mara 10 ya ujazo wa vipande. Baada ya saa 24 hamishia kwenye alkoholi ya asilimia 70. Hapo ndipo upande basi, vifuniko vimekazwa, abiria wasije wakakushusha Shinyanga.

Halafu nani kakwambia mwaloni? Hata ukiwahi alfajiri, sato wa nyavu huenda alikufa tangu usiku. Nenda kwenye vizimba vya kufugia samaki, ununue anayerukaruka. Ni ghali, najua. Mimi nilinunua mara mbili.