Kutoa siti ya nyuma ya Corolla

Kaka, hiyo siti ya nyuma unayotaka kutoa upakie magunia haihitaji fundi. Anza na ya kukalia: shika ukingo wa mbele, karibu na mlango, vuta juu kwa nguvu mpaka klipu iachie, kisha upande wa pili. Usiogope ule mlio, mimi mara ya kwanza nilidhani nimevunja kitu! Mgongo una bolti kwa chini, mara nyingi spana 12 au 14. Ukizifungua, inua mgongo juu utoke kwenye ndoano. Mikanda iache. Ukikuta kifuniko cha bati sakafuni usikiguse, chini yake kuna pampu ya mafuta. Bolti tia kwenye kopo, zinapotea hizo.