Presha 120/80 wodi nzima

Juzi saa kumi na moja alfajiri natoka leba, chumba cha kujifungulia, namkuta mdogo wetu mmoja anayejitolea kakaa mezani na mafaili kumi na manne, anajaza chati kama anayegawa karata. 120/80, joto 36.8, mapigo 78. Anageuza. 118/76, 36.7, mapigo 80. Mashine ya presha iko kabatini, na ufunguo wa kabati uko mfukoni mwangu.

Sikumfokea. Nilimtuma chai. Basi nawaandikia wauguzi wote, mnaojitolea mkisubiri ajira na mliopangiwa kituo juzijuzi.

1. Msipike chati. Najua mnajua. Hata mimi nilijua.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini, hospitali ya wilaya, milimani, Julai. Wodi ya wazazi niliipenda kuliko chumba changu cha kupanga. Nilijua godoro lipi limebonyea katikati na bomba lipi halitoi maji mpaka ulipige kofi. Zamu ikiisha sitoki. Inchaji, mkuu wa wodi, akasema mbele ya watu kwenye ripoti ya asubuhi, "Huyu ana wito," na neno lile likanilevya kabisa. Mwenzangu aliponiomba nimshikie usiku, wakati nimeshinda kazini tangu asubuhi, nilikubali kabla hajamaliza kuomba.

Mama wa kitanda cha sita, uzazi wa nne, alijifungua saa tano usiku. Oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba ili damu isitoke sana, uniti 10 nilichoma, kondo lilitoka zima. Saa sita nikampima, yuko vizuri. Halafu leba ikanishika na mwingine, na zile robo saa robo saa za kumwangalia zikapita zote. Nilipokaa mezani saa nane na nusu miguu ilikuwa imevimba. Nikajiambia, yule si alikuwa vizuri? Nikaandika 110/70, mapigo 82. Nikarudi nyuma nikajaza na nafasi zilizopita. Nikaongeza kabisa, "mji wa mimba umekaza." Kalamu haikusita hata kidogo.

Baadaye mama yake mzazi akaja taratibu. "Sista, samahani, mwanangu anapiga miayo sana." Nikamwambia amechoka, mwache alale. Akaenda. Akarudi. "Sista, na amekuwa wa baridi."

Kwa baridi ile alikuwa kafunikwa blanketi mpaka shingoni. Nililifunua. Kanga mbili zimelowa, godoro limelowa, mapigo 132, presha 70/40, mji wa mimba laini kama unga uliozidiwa maji. Nikakanda huku napiga kelele. Daktari alikuja na kandambili. Damu ziliingia uniti tatu, moja ilitoka mkononi mwa dereva wa gari la wagonjwa. Mama alipona.

Kulipokucha daktari akafungua faili. "Saa nane na nusu mapigo yalikuwa 82? Kwa hiyo damu yote hii ni ya ndani ya saa moja?" Nikajibu, "Ndiyo, daktari." Hiyo "ndiyo" ndiyo inayoniamsha mpaka leo, kuliko hata lile godoro. Nilikaa nayo siku tatu ndipo nikamwambia inchaji. Akaandika barua ya onyo, akanipa nisaini, kisha akaniuliza, "Kwani ulikuwa umelala lini?"

Siku ya kuruhusiwa, yule bibi aliniletea mkungu wa ndizi. "Mungu akubariki, sista. Una wito." Niliwagawia wafanya usafi zote.

2. Mapigo hupanda kabla presha haijashuka. Presha nzuri isikupe usingizi.

3. Hukupima? Acha wazi, andika "niko leba". Anayepokea zamu ataanzia hapo.

4. Ripoti mpeane kitandani kwa mgonjwa, blanketi limefunuliwa. Mezani mnapeana hadithi.

5. Ndugu akisema "hayuko kama kawaida yake", nyanyuka. Yeye kamjua miaka ishirini na tano, wewe tangu jioni.

6. Mshumaa mlioshika siku ya kiapo ni kwa ajili ya taa ya Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, na kila tarehe 12 Mei tunamwimbia hiyo taa. Hatusemi kwamba alikuwa mtu wa tarakimu. Mwaka 1858 alichapisha michoro iliyoonyesha kuwa askari wa vita vya Crimea waliuawa zaidi na maradhi kuliko majeraha. Ukipika chati, hiyo taa umeishika ya nini?

7. Kuipenda wodi. Hapa sina ubavu wa kumshauri mtu, nimekataa uhamisho mara mbili. Ila zamu ikiisha nendeni nyumbani. Wodi haitawalilia.

Yule kijana alirudi na chai na maandazi mawili. Nikampa ufunguo, nikamwambia aanze kitanda cha kwanza. Dakika mbili hazijaisha karudi.

"Dada, mashine haina betri."

Nikamtolea ile ya mkono kwenye pochi yangu. Niliinunua kwa pesa yangu, mwaka uleule wa ndizi. Nikamwambia irudi.