Kuvuliwa cheo si kufungwa

Mwanangu,

Uliniuliza kwenye simu: Seneti ya Kenya ilimkuta Gachagua na hatia tarehe 17 Oktoba 2024, mashtaka 5 kati ya 11, ikamwondoa kwenye unaibu rais, mbona hakulala rumande hata usiku mmoja? Nilikujibu kwa mkato, nilikuwa nimening'inia mlangoni mwa daladala. Sasa nimekaa barazani.

Neno "kushtaki" ndilo linalotuchanganya. Hata Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 46A, inasema Bunge laweza kumshtaki Rais. Lakini shtaka hilo linaishia kwenye kiti: theluthi mbili ya wabunge wakikubali, anatoka Ikulu, basi. Kufunga ni kazi ya mahakama, na huko kosa lithibitishwe pasipo shaka. Tena ibara ya 46 inamkinga Rais mstaafu asishtakiwe kwa aliyoyatenda kama Rais, isipokuwa yule aliyeondolewa na Bunge. Cheo ni dhamana, nimekuambia tangu mdogo. Aliyekukabidhi anaweza kuidai hata kabla hajathibitisha kwamba umeiba.

Kamati ya kisima pale Keko unaikumbuka. Shilingi 140,000 hazikuonekana, na mweka hazina ni mimi. Mikono 31 ikanyooshwa kuniondoa. Nikavua shingoni ule uzi mwekundu, nikauweka mezani pamoja na ufunguo wa kasha. Mwenyekiti akasema, "Mzee, hatujasema umeiba."

Heri wangesema! Kesho yake nilikwenda polisi na daftari langu, wewe ukanisindikiza na sare zako za shule. Nilitaka nishtakiwe, hakimu anisafishe. Askari akauliza, "Mlalamikaji nani?" Hakuwepo. Tukarudi kwa miguu, hukuniuliza kitu.

Walinionea? Hapana, haki walikuwa nayo. Maji ni ya watoto wao, na imani ilikuwa imewatoka. Cheo ni dhamana. Lakini mahakama ingenipa hukumu, hata kama ni mbaya. Mkutano ule uliniachia kimya, na mpaka leo nikipita kisimani akina mama wanashusha sauti.

Sasa unataka niseme kama Gachagua alistahili. Siku ile aliugua, akalazwa, hakufika kujitetea; maseneta wakapiga kura hivyo hivyo. Hapo ndipo... hapana, acha. Langu ninalo, lakini siliandiki.

Daftari bado liko kabatini. Ukija Idi tulijumlishe upya, mhasibu ni wewe.

Baba yako