Kwa mkuu mpya wa shule: kosa la kuajiri mwalimu huanzia kwenye ratiba

Ukifuatilia ajira iliyoharibika mpaka chanzo chake, mara nyingi hutaishia kwenye chumba cha usaili. Utaishia Februari, wiki ambayo mwalimu wa Fizikia ameacha kazi, kidato cha nne wana mtihani wa taifa Novemba, wazazi wanapiga simu, na mkuu wa shule anamchukua mtu wa kwanza aliyefika getini na bahasha ya vyeti. Haya yanamhusu zaidi mkuu mpya wa sekondari binafsi hapa Tanzania, ambaye mmiliki amemwachia jukumu la kutafuta walimu bila kumwelekeza namna ya kuwatafuta.

Kabla ya kutangaza nafasi, kaa na mwalimu wa taaluma mhesabu vipindi. Tuseme shule ina mikondo miwili kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, yaani madarasa 8. Ratiba yenu ikitoa vipindi 6 vya Hisabati na 4 vya Fizikia kwa kila darasa kwa wiki, hiyo ni vipindi 48 na 32, jumla 80. Walimu wawili watabeba 40 kila mmoja, mzigo usioacha nafasi ya kusahihisha. Watatu wanaoweza masomo yote mawili watabeba 26 au 27. Kwa hiyo tangazo lisiseme "anahitajika mwalimu wa sayansi". Liseme Fizikia na Hisabati, vidato gani, vipindi vingapi, kama kuna zamu na masomo ya jioni, na kama shule inatoa nyumba. Tangazo la jumla huleta waombaji wengi wasiofaa, na wingi huo humfanya mkuu aamini kwamba ana uchaguzi mpana.

Vyeti vinakaguliwa kabla ya usaili. Aprili 2017 Rais Magufuli alipokabidhiwa ripoti ya uhakiki pale Dodoma, watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, na hao walikuwa wameshapita mikononi mwa waajiri wenye ofisi nzima za utumishi. Shule yenye karani mmoja iwe makini zaidi. Taka cheti halisi, nakala haitoshi hata ikiwa na muhuri wa wakili. Linganisha majina kwenye cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo na kitambulisho cha NIDA. Yakitofautiana, omba hati ya kiapo ya kubadili jina. Angalia namba ya mtihani: ya shule huanza na S, ya mtahiniwa wa kujitegemea huanza na P, na matokeo unaweza kuyalinganisha na yaliyoko kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Kulingana kwa namba hakuthibitishi kwamba aliyekaa mbele yako ndiye mwenye cheti, hivyo penye shaka andikia Baraza uombe uhakiki. Akiwa anatoka Kenya au Uganda, kuna kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji. Anza kuvishughulikia kabla hajafungasha mizigo, maana mwalimu asiye na kibali anaweza kuondolewa darasani katikati ya muhula.

Kwenye usaili wenyewe, kosa linaloumiza shule zetu nyingi ni kuchukulia Kiingereza kizuri kuwa ndio ualimu. Mtu anaongea kwa kutiririka, kamati inavutiwa, na hakuna anayeuliza kama anaweza kumweleza mtoto wa kidato cha kwanza, aliyesoma msingi kwa Kiswahili, tofauti ya uzito na tungamo. Lugha ni muhimu, lakini ipime darasani. Mpe mada jana yake, kisha afundishe kipindi kamili cha dakika 40 mbele ya wanafunzi halisi. Msikae ninyi walimu wazima kwenye madawati mkijifanya wanafunzi, kwa sababu mwombaji atafundisha kwa ajili yenu: atakimbia, atatumia maneno makubwa, na hakuna atakayekosea jibu. Na hapo ndipo penye kipimo. Mwanafunzi anapojibu vibaya, mwalimu anafanya nini? Anayemwambia "kaa chini" na kuhamia kwa mwingine, tofauti na anayeuliza "umefikaje hapo?", atawapoteza wanafunzi dhaifu wote mpaka Juni.

Baada ya hapo mpe karatasi tano za mtihani wa ndani zilizofutwa majina, pamoja na mwongozo wa usahihishaji, akae nusu saa azisahihishe. Zoezi hili linafichua mambo ambayo maswali ya usaili hayayafikii. Kuna wanaotoa sifuri kwa jibu la mwisho lililokosewa huku hatua nne za kazi ziko sahihi, na wapo wanaotia alama ya vema penye kosa la wazi kwa kuwa mada yenyewe hawaijui. Wanakamati wawe watatu, yaani mkuu, mwalimu wa taaluma na mkuu wa idara, na kila mmoja aandike alama zake kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Mkuu akitangulia kusema "huyu kijana yuko vizuri", hakuna atakayempinga, na hapo mmepoteza macho mawili kati ya matatu.

Kuwapigia wadhamini ndiko kunakorukwa kuliko kazi nyingine yoyote, na ndiko kunakogharimu zaidi. Usipige namba iliyoandikwa kwenye wasifu peke yake. Tafuta mwenyewe namba ya shule ya mwisho aliyofundisha na uombe kuzungumza na mkuu. Uliza alianza lini, aliondoka lini, alifundisha vidato vipi, aliagaje. Kisha uliza: "Nafasi ikipatikana leo, ungemrudisha?" Halafu nyamaza. Mkuu mwenzio hatapenda kumsema mtu vibaya, lakini atasita, na kule kusita kukufanye uulize tena. Kwa shule ya bweni kuna swali ambalo haliachwi hata kwa mpishi au dereva: je, kuna malalamiko yoyote yaliyowahi kutolewa juu yake kuhusu mwenendo wake na wanafunzi? Baadhi ya shule huona aibu, zikamruhusu mtu kama huyo aondoke kimya kimya na barua nzuri mkononi. Barua hiyo inampeleka kwa watoto wengine. Wasifu wenye shule nne ndani ya miaka mitatu uwe na maelezo kwa kila kuondoka, na kila maelezo yapigiwe simu. Usipopata jibu la kuridhisha kuhusu usalama wa watoto, usiajiri, hata kama darasa litakaa mwezi mzima bila mwalimu.

Mshahara nao huvunja ajira mapema, mara nyingi bila mtu yeyote kudanganya. Shule inataja mshahara ghafi, mwalimu anasikia fedha ya mkononi. Chukua shilingi 700,000. NSSF ya mwalimu, asilimia 10, ni 70,000. Kodi inakokotolewa kwenye 630,000 zilizobaki. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 inakuwa 42,000. Kama alisoma kwa mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 105,000. Anabakiwa na 483,000. Mwalimu aliyepanga chumba akitegemea laki saba ataanza kutafuta shule nyingine mara tu atakapopokea mshahara wa kwanza. Mwandikie hesabu hii kwenye karatasi kabla hajasaini, na mwajiri ajue kwamba juu ya ile 700,000 naye ana NSSF yake, asilimia 10 nyingine.

Mkataba uwe wa maandishi, na zamu, masomo ya ziada na ulezi wa klabu vitajwe humo. Muda wa matazamio hauruhusiwi kuzidi miezi 12. Ila jambo la kuangalia kwa makini ni mwezi wa sita wa ajira yake, kwa sababu kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimhusu mwenye ajira ya chini ya miezi 6. Wengi huuacha mwezi huo upite wakisema "anajitahidi", kisha wanagundua kwamba hawana karatasi hata moja inayoonyesha kasoro. Sheria isiwe kisingizio cha kumtendea mtu ovyo. Mwalimu anastahili kuambiwa mapema penye udhaifu na kupewa muda wa kurekebisha. Ingia darasani kwake wiki ya pili, wiki ya sita na mwisho wa mwezi wa tatu. Chukua madaftari sita, mawili ya wanafunzi wazuri, mawili ya wastani, mawili ya dhaifu, uyalinganishe na azimio la kazi, yaani mpango wake wa mada za kufundisha, na jonali la darasa, daftari la kuandika kilichofundishwa kila kipindi. Jonali likisema mada imekwisha na madaftari ya dhaifu hayana hata zoezi moja lililosahihishwa, hapo pana mazungumzo ya kufanya. Yaandike, msaini wote wawili, mpange tarehe ya kurudi kuangalia. Mkifikia kuachana, anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28.

Serikali ikitangaza ajira za walimu, wako wataondoka, na usione ni usaliti. Uliza wazi kwenye usaili kama ameomba, si ili umkatae bali ujue namna ya kujipanga. Aliyeshika nafasi ya pili kwenye usaili usimwache apotee: mjulishe kwa heshima, mwombe ruhusa ya kumkumbuka, weka namba yake kwa miezi sita. Anayeondoka akabidhi azimio la kazi, alama za wanafunzi na mada alipoishia, na yote yapokelewe kwa saini.

Kila Juni na Desemba, toa majalada ya walioondoka au walioshindwa. Kwa kila mmoja andika ukurasa mmoja tu: tulimchukua kwa sababu gani, kila mwanakamati alimpa alama ngapi, nini kilitokea, na dalili ipi ilikuwepo siku ya usaili. Mwanakamati ambaye alama zake zimekuwa karibu na ukweli mara kwa mara, hata kama ni mwalimu mdogo, apewe nafasi ya kusema wa kwanza safari ijayo, baada ya wote kuandika.