Machiavelli anayeonekana jukwaani si wa Richard III

Ukijiuliza kama tamthilia ambamo Machiavelli, mwandishi wa siasa wa Italia, anaonekana jukwaani ni Richard III ya Shakespeare: hapana, ni The Jew of Malta ya Christopher Marlowe. Machiavelli mwenyewe ndiye anayetoa utangulizi, kabla Barabas, mhusika mkuu, hajaonekana na marundo yake ya dhahabu. Machiavelli huyo anamtaja Duke wa Guise, mtawala mwenye nguvu wa Ufaransa, kuwa ameshakufa, na Guise aliuawa Desemba 1588, kwa hiyo tamthilia iliandikwa baada ya hapo. Ukisoma chapa ya 1633, ruka kwanza utangulizi wa Thomas Heywood, mwandishi mwingine wa tamthilia. Huo uliongezwa baadaye, Marlowe akiwa marehemu tangu 1593.

Richard, ndiye Richard III wa baadaye, humtaja Machiavelli kwa jina tu, tena katika sehemu ya tatu ya Henry VI, tamthilia nyingine ya Shakespeare, akijigamba kwamba anaweza kumfundisha. Kihistoria haiwezekani: Richard alikufa 1485, Machiavelli akiwa na miaka 16.