Maswali ya wasomaji: Triathloni, kutoka mbio za Arusha hadi kulipwa

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinahusu triathloni: unaogelea, unapanda baiskeli, unamalizia kwa kukimbia, na saa haisimami katikati. Makocha wetu wa michezo hiyo mitatu wanajibu.

SWALI: Shikamooni walimu. Nina miaka 22, naishi Sakina, Arusha. Nimecheza mpira, naendesha baiskeli, na kilomita 10 nakimbia kwa dakika 31 na sekunde 40. Kuogelea nimejifunza mwaka jana kwenye bwawa la hoteli. Mita 400 natumia dakika 9:20, mita 200 dakika 4:24. Nataka mchezo huu uwe kazi yangu. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Anzia majini, na ukubali kukaa huko muda mrefu.

Umetuletea namba nzuri, tuzitumie. Toa muda wa mita 200 kwenye muda wa mita 400: zinabaki sekunde 296 kwa mita 200, yaani dakika 2 na sekunde 28 kwa kila mita 100. Huo ndio mwendo unaoweza kuushikilia bila kukatika pumzi. Kwa mwendo huo, mita 1,500 za umbali wa Olimpiki zitakuchukua dakika 37. Wanaume wa daraja la juu hutoka majini baada ya dakika kama 18. Baiskeli yao ni kilomita 40, mara nyingi kwa mizunguko mifupi, na katika mashindano mengi ya daraja hilo anayepitwa kwa mzunguko mzima hutolewa. Mzunguko ukiwa wa kilomita 5, wewe utakuwa bado unaogelea wakati wao wamemaliza miwili. Mbio zako nzuri hazitapata nafasi ya kuonekana.

Ndiyo maana wengi wanaofika juu walianza na maji. Henri Schoeman wa Afrika Kusini, aliyechukua medali ya shaba kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, alitokea kwenye kuogelea. Gwen Jorgensen wa Marekani, aliyeshinda dhahabu ya wanawake kwenye michezo hiyo hiyo, aliogelea na kukimbia chuoni kabla ya kuingia kwenye triathloni.

Wakimbiaji karibu wote wana tatizo moja: miguu inazama. Vifundo vyao ni vigumu, kwa hiyo teke linageuka breki, na kichwa kinachoinuliwa kutafuta hewa kinasukuma nyonga chini. Jipime hivi. Ogelea mita 50 kawaida, pumzika, kisha ogelea mita 50 nyingine ukiwa umebana boya katikati ya mapaja. Ukienda kasi zaidi na boya, huna haja ya kuongeza nguvu za mikono. Rekebisha mlalo wa mwili. Tazama sakafu ya bwawa, si mbele. Toa pumzi ndani ya maji mfululizo, ili ukigeuza uso kazi iwe moja tu, kuvuta hewa. Hesabu mikono unayopiga kwa mita 25. Wanaoanza wengi wanapiga 28 au zaidi. Ukishuka hadi 20 bila kupunguza mwendo, ujue mwili umelala sawasawa.

Ingia bwawani mara tano kwa wiki, dakika 45 kila mara. Mara mbili za saa mbili hazifai, kwa sababu ukichoka unafanya mazoezi ya makosa. Siku mbili kati ya hizo ogelea mita 100 mara kumi kwa mwendo wako wa 2:28, ukipumzika sekunde 15 hadi 20. Rudia kipimo cha 400 na 200 kila baada ya wiki sita. Mbio punguza hadi mara nne kwa wiki, hazitapotea.

Maji ya wazi yatakuja baadaye, na kamwe usiende peke yako. Maji yaliyotulia yenye majani na konokono yana hatari ya kichocho. Chemchemi ya Chemka, karibu na Boma Ng'ombe, ni pazuri kwa kuzoea maji yasiyo na ukuta wa kushika, lakini ni padogo mno kwa mazoezi ya umbali.

Tukuambie pia tunavyofikiri sisi. Aliyejifunza kuogelea ukubwani ana nafasi zaidi kwenye masafa marefu: mita 1,900 majini, kilomita 90 za baiskeli na kilomita 21.1 za mbio. Huko kuogelea ni sehemu ndogo ya siku, na kujikinga upepo nyuma ya baiskeli ya mwenzako hakuruhusiwi, hivyo kila mtu anavuna alicholima. Jipe miaka mitatu hadi mitano.

SWALI: Naendesha baiskeli kutoka Moshi kwenda TPC, kwenye kiwanda cha sukari, na kurudi. Nikishuka kukimbia, miguu inakuwa mizito kama si yangu na tumbo linasokota. Nina kasoro gani? (Dada wa Majengo, Moshi)

JIBU: Huna kasoro, dada. Uzito huo humpata kila mtu na hupungua kwa kuzoea. Mara moja kwa wiki endesha dakika 30, shuka, vaa viatu na ukimbie dakika 10 papo hapo, taratibu. Ongeza dakika tano za mbio kila wiki mbili. Barabara ya TPC ni tambarare na inashawishi kutumia gia nzito. Tumia nyepesi, pedeli izunguke mara 85 hadi 95 kwa dakika, hasa kilomita mbili za mwisho.

Tumbo chunguza kwenye sahani. Makande, maharage na mtori wenye mafuta ya nyama vinakaa tumboni muda mrefu. Kula uji au ndizi masaa matatu kabla ya kuanza mazoezi. Njiani changanya lita moja ya maji, vijiko vitano vya chakula vya sukari visivyolundikwa, robo kijiko cha chai cha chumvi na ndimu moja. Kunywa mililita 700 kwa saa, funda dogo dogo kila dakika kumi, na ule ndizi mbivu moja. Hapo unapata wanga wa gramu 65 hadi 70 kwa saa. Ukizidisha sukari kwenye chupa, tumbo litavuta maji kwanza, na msokoto utarudi.

SWALI: Nimepata baiskeli ya mtumba ya mashindano. Nikague nini kabla ya kulipa? (Ngaramtoni, Arusha)

JIBU: Fremu kwanza. Kagua chini ya rangi pale uma unapoingia kwenye fremu, na chini ya mhimili wa pedeli. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuiacha. Kisha cheni. Pima kwa rula kutoka pini moja hadi ya 24 baada yake: cheni mpya ina milimita 305. Ikizidi 306.5 imeshalegea na inakula meno ya gia, kwa hiyo toa gharama hiyo kwenye bei. Pesa itakayobaki nunua matairi ya milimita 28 na helmeti nzima, isiyowahi kupata ajali.

SWALI: Mwanangu anataka kushindana nje. Tujiandikishe wenyewe? (Mzazi, Himo)

JIBU: Hapana, mzazi. Kwenye mashindano ya kimataifa ya World Triathlon, shirikisho la dunia la mchezo huu, mwanariadha wa daraja la juu huandikishwa na chama cha taifa lake. Huanzia vikombe vya bara, akikusanya pointi za kumpandisha. Wasiliana na Baraza la Michezo la Taifa kuhusu chama husika. Pasipoti iwe tayari mapema, na dawa yoyote, hata ya kienyeji, isimezwe kabla daktari hajaikagua kwenye orodha ya zilizokatazwa. Nyumbani afundishwe sheria moja tangu sasa: helmeti ifungwe kidevuni kabla ya kuitoa baiskeli mahali ilipowekwa. Asipofanya hivyo ataadhibiwa.