Kifurushi kimepotea njiani: hasara ni ya muuzaji au ya mnunuzi?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala, nauza kanga na shanga kwa njia ya simu. Kabla ya Ramadhani dada mmoja wa Birmingham, Uingereza, aliagiza doti 4 za kanga na mikufu miwili ya shanga. Alinitumia shilingi 180,000 za bidhaa na 95,000 za kutumia. Nikapeleka posta kwa njia ya kawaida, sikukata rejista, nikabakiwa na 25,000 ambazo sikumwambia. Sasa ni wiki ya 9, kifurushi hakijafika, naye anataka pesa yake. Zile pesa nimeshanunulia mzigo mwingine Kariakoo. Kwenye kundi letu la wauzaji imetumwa sauti ya mhadhiri mmoja anasema mzigo ukishatoka mkononi mwako ni qadari ya Mwenyezi Mungu, mnunuzi asubiri, muuzaji hadaiwi kitu. Wenzangu wamefurahi, mimi roho haitulii. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, yalikuwapo maswali mengine mbele ya lako, nimeyaweka kando. Sauti hiyo nami nimeletewa zaidi ya mara moja. Na wiki iliyopita, baada ya Isha, kijana mmoja alinionesha simu yake pale barazani: chini ya picha za viatu anavyouza ameandika kwa herufi kubwa, MZIGO UKISHATUMWA HATUHUSIKI. Nikamuuliza, nani kakufundisha hivi? Akanijibu kwa adabu kabisa, “Shehe, si ndiyo dini inavyosema?” Usiku ule sikulala vizuri.

Jawabu ni kwamba hasara hii ni yako, si ya mteja wako. Kifurushi kimepotea kikiwa bado katika dhamana yako. Najua neno hili ni zito kwa mwenye mtaji wa kuzungusha, na shida yako nitaifikia. Ila kwanza niseme na huyo mhadhiri.

Kwamba kila jambo ni kwa qadari, hakuna Mwislamu anayebisha. Lakini wewe hukuuliza nani kaandika kifurushi kipotee. Umeuliza kilipopotea kilikuwa katika dhamana ya nani. Nyumba ikiungua Tandale, imeungua kwa qadari, na iliyoungua ni ya mwenyewe; haendi kwa jirani kumwambia “lipa wewe, maana qadari ni ya Mola wetu sote.” Mhadhiri ameuchukua msiba ulioandikiwa muuzaji, akaubebesha mnunuzi, kisha akamhimiza mnunuzi awe na subira. Subira kwa mali ya mwenzio ni rahisi sana.

Tena Mtume (rehema na amani zimshukie) alilizungumza jambo hili hili la janga lisilo na mkono wa mtu. Katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Muslim, amesema kwamba ukimuuzia ndugu yako matunda kisha yakapatwa na janga, si halali kwako kuchukua chochote kwake. Utachukuaje mali ya ndugu yako pasipo haki? Nzige ni qadari na ukame ni qadari, lakini aliyeulizwa swali ni muuzaji. Imamu Shafii katika kauli yake ya baadaye aliona amri hii ni ya kuhimiza, si ya lazima, pale ambapo matunda yameshakabidhiwa kwa mnunuzi. Ama kabla ya makabidhiano, kwake yeye na wafuasi wake hapana shaka: bidhaa iliyouzwa ikiharibika kabla ya kukabidhiwa, imeharibika juu ya muuzaji, na thamani inarudi kwa mwenyewe. Vitabu tulivyosomeshwa hapa pwani vimejaa maneno haya, na ndiyo maana sauti ile imenisononesha. Mwanafunzi wa miaka miwili darsani anayajua.

Ipo hadithi nyingine, ya Amr bin Shuaib kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake, waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Humo imekatazwa faida ya kitu ambacho hukukibebea dhamana. Faida yako ya kanga imekuwa halali kwa sababu kanga zikiliwa na panya chumbani kwako, hasara ni yako. Anayetaka faida iwe yake na panya wawe wa mteja hajafanya biashara ya Kiislamu. Bibi Aisha (radhi za Allah ziwe juu yake) naye amepokea kwamba mavuno huandamana na dhamana, yaani anayebeba hasara ya kitu ndiye mwenye faida yake. Mlango ni huo huo.

Sasa nimtendee haki mhadhiri, maana pengine ameokota kauli mahali. Wapo maimamu, Malik na Ahmad miongoni mwao, waliosema kitu kilichoainishwa kwa macho, kisichohitaji kupimwa wala kuhesabiwa, dhamana yake huhamia kwa mnunuzi tangu mkataba unapofungwa, na wameegemea kauli iliyopokewa kwa Ibn Umar. Hiyo ni khilafu ya kweli, yaani tofauti ya rai baina ya wanazuoni, na simbezi mtu kwa khilafu ya kweli. Lakini wewe hukumuuzia yule dada doti 4 zilizosimama mbele yake akazishika. Umemuuzia kwa sifa: kanga za aina fulani, rangi fulani, maneno fulani, nawe unazo bunda zima. Hicho ni kitu kilicho katika dhima yako, yaani deni lililo juu yako, jirani wa mauzo ya salam, ambapo mnunuzi hulipa mbele kwa kitu cha sifa fulani kitakacholetwa baadaye, na dhima haitoki mpaka kitu kifike pale mlipokubaliana. Mlikubaliana wapi? Alikuandikia anuani ya Birmingham, akakulipa nauli ya kufika Birmingham.

Mwingine atasema, nilipompa msafirishaji nimeshakabidhi. Nami namuuliza, huyo msafirishaji ni mkono wa nani? Nani kamchagua, nani kamlipa, nani ana risiti? Kama ni wewe, basi mzigo umetoka mkono wako wa kulia ukaingia wa kushoto. Ni kweli sheria ya Waingereza ya mauzo ya bidhaa ya mwaka 1893, iliyozaa sheria za makoloni yao, ilichukulia kwamba kumpa msafirishaji ni kama kumpa mnunuzi, isipokuwa ioneshwe vinginevyo. Nahisi dhana hii imetuingia kwa njia hiyo, tukaivisha kanzu. Waingereza wenyewe, kwa mnunuzi wa kawaida, wameiacha: sheria yao ya mwaka 2015 inasema hatari inabaki kwa mfanyabiashara mpaka mnunuzi akishike kitu, ila kama mnunuzi ndiye aliyemchagua na kumwagiza msafirishaji wake mwenyewe. Na mkataba wa Umoja wa Posta Duniani, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unasema kitu kilichotumwa kinabaki kuwa mali ya mtumaji hadi kikabidhiwe kwa mwenye haki nacho. Dini yetu haisimami kwa sheria zao. Nimezitaja ili ujue kwamba yule dada wa Birmingham anaposhangaa kuambiwa “hatuhusiki”, anashangaa kwa haki.

Na lile tangazo la kijana wa viatu halibadilishi hukumu? Waislamu hushikamana na masharti yao, ndiyo, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Kumwambia mtu “nipe pesa yako yote, bidhaa isipofika pesa ni yangu” ni sharti linaloiua biashara yenyewe, na katika kisa cha Barira, mjakazi aliyenunuliwa na Bibi Aisha ili amwache huru, Mtume (rehema na amani zimshukie) amesema sharti lisilokuwamo katika Kitabu cha Allah ni batili hata yakiwa masharti mia.

Njia ya halali ipo, na ni nyepesi. Hapa kwetu watu wanatumiana mizigo kwa mabasi kila siku. Mteja wa Mwanza akikwambia, “Mpelekee konda wa basi fulani pale stendi ya Mbezi, mimi nimeshaongea naye,” konda ni wakala wa mteja, nawe umemaliza kazi ukishamkabidhi. Vivyo hivyo mteja wa nje akikuagiza umpe binamu yake anayesafiri, au wakala wa mizigo aliyemchagua yeye na kumlipa yeye, umekabidhi hapa hapa Dar es Salaam, na kikipotea baada ya hapo kimepotea juu yake. Lakini iwe kweli, kwa maneno yaliyo wazi kabla ya pesa kuhama. Isiwe hila ya kumbandika mteja uwakala asioujua.

Narudi kwako. Ipo 25,000 uliyoitaja kwa ukweli, na Mwenyezi Mungu akulipe kwa ukweli huo, maana ungeweza kunificha. Pesa ile ulipewa kwa kazi maalumu ya kusafirisha, hukupewa kuwa faida. Kama mngekubaliana “bei hadi mlangoni ni shilingi 275,000”, kilichobaki kingekuwa chako. Lakini ulimtajia nauli peke yake, akakuamini, na kilichobaki ni amana. Rejista nayo haikuwa kitu kidogo: barua au kifurushi kidogo kisicho cha rejista posta hazikilipi fidia kikipotea, na hakuna pa kukiulizia. Cha rejista kina namba, herufi mbili, tarakimu tisa, kisha TZ, na mtumaji ana miezi 6 ya kuleta malalamiko. Hukudhamiria ubaya, najua. Ila ulikata kamba ambayo leo ungeishika.

Unachodaiwa ni hiki. Kanga na shanga za aina ile ile kama bado unazo, deni lako ni bidhaa: mtumie nyingine, na nauli ya mara ya pili ni juu yako. Kama hazipatikani, au amechoka kungoja na muda mliokubaliana umepita, ana hiari ya kuvunja mauziano na kurudishiwa pesa yake, pamoja na nauli kwa kuwa kazi aliyoilipia haikutimia. Muulize anataka lipi.

Huna pesa sasa hivi? Hilo halikufuti deni, wala halikufanyi mwizi. Mwenyezi Mungu amesema katika Al-Baqara, aya ya 280, kwamba mdaiwa akiwa katika shida angojewe mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni kheri zaidi. Aya hii anaisoma mdai, tafadhali usimsomee wewe. Wewe mwambie hali yako na umpe mpango: kila mwezi kiasi gani, kuanzia lini. Akikusamehe sehemu, mshukuru. Asipokusamehe, yumo ndani ya haki yake.

Siku za mbele, weka hatari ya njiani ndani ya bei yako tangu mwanzo, na kila unapouza nje tenga kidogo mahali pasipoguswa na matumizi ya nyumbani, ili kikipotea kimoja katika vingi usikamuliwe damu. Chagua msafirishaji anayekubali kudhaminika hata kama ujira wake ni mkubwa. Sayyidna Ali (radhi za Allah ziwe juu yake) imepokewa kwamba aliwadhaminisha mafundi mali za watu walizopewa, akisema watu hawatengenekei ila kwa hilo. Piga picha mzigo kabla hujaufunga, na risiti usiiachie hata kwa mtoto. Anuani iandike mara mbili, moja ndani ya mzigo. Mimi mwenyewe niliwahi kumtumia mwanafunzi wangu vitabu nje ya nchi, vikanirudia baada ya miezi 5, karatasi ya juu imelowa, wino wa kalamu umeyeyuka mpaka pakabaki doa la buluu penye jina lake.

Na fomu ya forodha usiandike uongo. Wauzaji wengi wanaandika “zawadi, dola 10” ili mpokeaji asitozwe kodi. Huo ni ushahidi wa uongo kwa maandishi, na una adhabu yake hapa hapa: mzigo ukipotea, unadai vipi thamani halisi bila kukiri kwamba ulidanganya? Mtume (rehema na amani zimshukie) amesema katika hadithi ya Hakim bin Hizam kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa.

Ama mteja wako akija kusema hakupokea ilhali rekodi inaonesha mtu ametia saini nyumbani kwake, jambo linageuka: wewe unayedai umefikisha ndiye mwenye kutakiwa ushahidi, na rekodi hiyo ni ushahidi wako. Ukiikosa, naye akiapa kwamba hakupokea, haki ni yake.

Na ikiwa kile cha kwanza kitajitokeza baadaye, huwa vinajitokeza, basi ni mali yako. Akirudishe kwa nauli yako, au akinunue kwa bei mtakayokubaliana. Mtajie hilo mapema.

Leo kabla hujalala mwandikie, usitume sauti, andika: “Dada, kifurushi kimepotea kikiwa kwenye dhamana yangu. Sikukata rejista, na nauli yako shilingi 25,000 ilibaki kwangu. Nakuomba radhi. Unataka nikutumie kanga nyingine au nikurudishie pesa kidogo kidogo kuanzia mwezi ujao?” Akikujibu, niletee jibu lake, tutaangalia pamoja.

Wallahu a'lam.